Mvuvi wa Maji Baridi Afikapo Pwani

Miongoni mwa walimu na makasisi wanaohamishiwa vituo vya pwani wamo wengi waliozaliwa kando ya maji ya bara: Ukerewe na Musoma katika ziwa la Viktoria, Ujiji katika Tanganyika, Liuli na Mbamba Bay katika Nyasa, au kando ya mito mikubwa kama Kilombero. Watu hawa walijua kushika ndoana kabla ya kushika kalamu. Afikapo mmoja wao Tanga, Pangani, Bagamoyo au Lindi, akaiona bahari imetanda mbele ya nyumba yake, si ajabu akate mwanzi, afunge uzi, atafute nyungunyungu, na siku ya Jumamosi ashuke ufukweni. Jioni hurudi mikono mitupu, nao watoto wa shule humtazama kwa adabu wasiseme kitu. Hilo si neno. Lakini liko jambo zito kuliko kukosa kitoweo, nalo ni kutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, bila kujua kwamba maji hayo yana saa yake ya kurudi. Bahari humfisha mtu ajuaye sana kuogelea, na kwa kawaida humfisha karibu na nchi kavu.

Basi nia ya maneno haya ni kumweleza mvuvi wa maji baridi yale ambayo mvuvi wa pwani hayaelezi, kwa kuwa ameyazoea tangu utoto wala hafikiri kwamba yuko mtu asiyeyajua. Nitayafuata maneno yenyewe, maana maarifa mengi ya bahari yamewekwa akiba ndani ya maneno, na mtu wa bara huyatumia kila siku pasipo kuyafungua.

Tuanze na hilo neno baridi. Mtu wa bara akisikia "maji baridi" hudhani ni maji yasiyo moto. Mtu wa pwani husema maji baridi, au maji matamu, au maji ya pepo, kwa maana ya maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa yamechemka juani tangu asubuhi. Kwa hiyo samaki wa maji baridi ni samaki wa mtoni na ziwani, na maji yake huenda yakawa na joto kupita maji ya bahari. Chumvi ya bahari ni kama sehemu 35 katika kila sehemu 1000 za maji kwa uzito. Kiasi hicho chatosha kuwatenga samaki wawe mataifa mawili. Samaki wa mtoni ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji anamokaa. Basi maji humwingia hata bila kunywa, naye hana budi kuyatoa kwa mkojo mwingi. Samaki wa baharini ni kinyume chake: bahari humnyang'anya maji ya mwilini, naye hunywa maji ya chumvi bila kukoma, na ile chumvi iliyozidi huitoa kwa matamvua. Ndiyo sababu kambare na sato hawakutani na changu na chewa. Wako wachache wapitao mpakani. Aina moja ya papa hupanda mto Zambezi mbali na bahari, na mikunga wa mitoni huzaliwa katika bahari kuu, kisha hupanda mito yetu wakiwa wadogo kama nyuzi, wakakulia huko.

Mpaka wenyewe ni mlango wa mto, na hapo ndipo ningemshauri mgeni aanzie. Mlango wa Pangani, wa Wami, wa Ruvu, na ile milango mingi ya Rufiji iliyofunikwa na mikoko, yote ina matope, maji ya rangi ya udongo na kingo zenye kivuli, mambo ambayo macho yake yameyazoea. Hapo atakutana na mkizi, samaki aingiaye mtoni na maji ya kujaa, mwenye tabia ya kuruka juu ya wavu hata pengine akaanguka ndani ya mtumbwi, kwa ajili hiyo watu husema, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi." Lakini hapo pia atashuhudia jambo ambalo halijapata kutokea kwao: mto unageuka na kwenda juu. Maji ya bahari yakijaa huusukuma mto urudi nyuma kwa saa kadhaa, na yale ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, huingia chini, huku maji baridi yakielea juu yake. Mvuvi aliyezoea kutupa uzi na kuuacha uchukuliwe na mkondo ajue kwanza mkondo unaelekea wapi saa hiyo. Tena mamba na viboko wa Rufiji hawafukuzwi na chumvi kidogo.

Sasa tulifikie neno lililo kubwa kupita yote, nalo ni pwani. Mtu wa Tabora husema "nakwenda pwani" kama asemavyo "nakwenda mjini". Lakini neno hili latokana na kitendo kupwa, yaani maji kuondoka na kuacha nchi wazi, likatiwa -ni ya mahali kama vile mezani na nyumbani. Pwani ni mahali maji yapwapo. Watu waliolitunga jina hilo hawakuitaja bahari yenyewe, wala mchanga, wala minazi. Walitaja kupwa kwa maji, kwa kuwa ndiko kulikowalisha. Ziwani hakuna pwani kwa maana hii. Ziwa la Viktoria hupanda na kushuka kwa mvua na kiangazi, na upepo huweza kuyasukumia maji upande mmoja kwa muda, lakini hakuna saa ya kila siku ambayo mtu aweza kutembea kwa miguu pale alipopita kwa mtumbwi asubuhi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku wake. Kutoka kujaa hata kupwa ni saa sita na kama dakika 12, na kwa hiyo kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwenye kuyavuta maji hayo ni mwezi, na jua humsaidia. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Siku hizo, na zaidi siku moja au mbili baada yake, maji hujaa sana na kupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua. Mwezi uwapo nusu, mmoja huvuta huku na mwingine kule, na maji huwa hayana nguvu, hayajai sana wala hayapwi sana. Haya huitwa maji mafu. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita tatu na zaidi. Liko jambo jingine ambalo mgeni akilishika litamfaa sana. Siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa tele kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, ile saa nne asubuhi maji huwa ufukweni. Mwalimu akiona madawati matupu asubuhi za bamvua, asitafute sababu mbali; watoto wamefuatana na mama zao mwambani.

Kwa hiyo kalenda iliyotundikwa ukutani haimwambii mvuvi neno lolote. Tarehe kumi ya mwezi huu na tarehe kumi ya mwezi ujao hazina maji yaliyo sawa. Wavuvi Waislamu, nao ndio wengi, wanafaidika kwa kuwa hesabu yao ya dini hufuata mwezi wa mbinguni: akijua ni mwezi ngapi, amekwisha kujua maji. Mkristo hudhani yeye hana hesabu kama hiyo, na kumbe anayo mahali pamoja. Pasaka huwekwa Jumapili iliyo baada ya mwezi mpevu ufuatao tarehe 21 Machi, basi kila mwaka ule mwezi mpevu huwa ndani ya siku saba zilizotangulia Pasaka, na bamvua yake huangukia Juma Kuu au, mwezi ukiwa umechelewa, sikukuu yenyewe na kesho yake. Tena bamvua za karibu na Machi na Septemba, wakati mchana na usiku ulinganapo, huwa kubwa kuliko nyingine za mwaka. Kasisi wa pwani anayewapeleka watoto ufukweni kucheza Jumatatu ya Pasaka na aliangalie jambo hilo.

Mvuvi wa ziwani asidhani kwamba yeye haujui mwezi. Anaujua sana, lakini kwa sababu nyingine. Wavuao dagaa wa Tanganyika na wa Viktoria kwa taa huutaka usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika na kushona nyavu, kwa maana nuru ya mbinguni huishinda nuru ya taa. Hata baharini wavuao dagaa kwa taa hufanya vivyo hivyo. Lakini kwa mvuvi wa mwambani nuru si kitu. Yeye autazamapo mwezi huyahesabu maji.

Maji yanarudi namna gani? Hapa ndipo penye hatari, na napenda kupaeleza polepole. Mgeni hufikiri kwamba, ikiwa maji huchukua saa sita kujaa, basi hupanda sawasawa kila saa. Sivyo. Mabaharia huyagawa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza huingia fungu moja, saa ya pili mafungu mawili, saa ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Tuseme siku hiyo tofauti ya maji ni mita 3 na sentimita 60. Fungu moja ni sentimita 30. Saa nzima ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, hayafiki magotini, na mtu aliyesimama ukingoni mwa mwamba huona kwamba ana nafasi tele. Kufika mwisho wa saa ya tatu yamepanda mita 1 na sentimita 80, yaani yamempita kimo. Tena mwamba haukulala kama meza. Mara nyingi ukingo wa nje, ambako samaki ni wengi, umeinuka, na kati yake na ufuko pana bonde lenye majani ya bahari. Maji yaingiayo kwa milango ya mwamba hulijaza bonde hilo kwanza. Basi mvuvi aliyeangalia ndoana yake na kuupa ufuko mgongo amesimama pakavu, na njia yake ya kurudi imekwisha kuwa kilindi chenye mkondo. Hajui mpaka ageuke.

Lugha yetu imelikumbuka jambo la namna hii kwa upande wa pili. Kitendo kupwelewa ni chombo kuachwa na maji, kikakaa juu ya mchanga kisiweze kwenda mbele wala nyuma. Na mtu aliyeishiwa shauri husemwa vilevile kwamba amepwelewa. Nasi wahubiri twalijua neno jingine la ukoo huo, sauti kupwea, maana sauti ya mtu aliyekauka koo imeondoka kama maji yaondokavyo na kuacha mchanga. Watu wengi wa bara hutumia neno hili wasijue kwamba limetoka baharini.

Mgeni akiuliza, "Nitajuaje saa ya kurudi?" jibu langu ni kwamba awatazame wanawake. Siku za bamvua wanawake wa pwani huenda mwambani kwa makundi kuchokoa pweza kwa vijiti vyao, kuokota kombe, na kutanda samaki wadogo kwa nguo. Wamefanya kazi hiyo tangu utoto, wengi wana watoto mgongoni au mkononi, wala hawabahatishi. Wakianza kujitwika vikapu na kuelekea nchi kavu, mwalimu naye avute uzi wake, hata kama samaki ndio kwanza wanaanza kuuma. Waweza kununua jedwali la maji lililochapishwa, nalo ni zuri. Lakini jedwali halikuambii bonde la mahali hapo linajaa lini. Bibi mwenye kikapu analijua. Na amwamkie kwa heshima, "Shikamoo, bibi," kabla ya kumwuliza kitu, maana hapa mwalimu ndiye mwanafunzi, na siku za kwanza jambo hilo huwa zito kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao.

Sasa vyombo vyenyewe vya kuvulia. Katika jambo hili mtu wa bara ana haki ya kujiona yu nyumbani, kwa kuwa neno ndoana ni lake pia. Baganda husema kuloba kwa maana ya kuvua kwa ndoana, na ndoana huiita eddobo; katika Kiswahili cha kale limo neno kuloa lenye maana hiyohiyo, na ndoana yatokana nalo, ile b ya kati ikiwa imekwisha kupotea. Basi ndoana ni mali ya Wabantu wote, wa ziwani na wa baharini. Maneno ya kujaa na kupwa pia ni yetu. Ni mambo ya safari za mbali ndiyo yaliyokuja na majina ya wageni, kama bahari iliyotoka kwa Waarabu, na bandari na nahodha yaliyotoka Uajemi.

Lakini ijapokuwa ndoana ni moja, kinachoifuata si kimoja. Mtu wa mtoni hutumia ufito, uzi mwembamba na chelezo kinachomwonyesha samaki anapodonoa. Mvuvi wa pwani hana ufito wala chelezo. Hutumia mshipi, uzi mrefu uliozungushwa juu ya kipande cha mti, wenye chubwi, yaani kipande cha risasi au jiwe la kuuzamisha. Siku hizi mishipi ni ya nailoni. Huushika kwa mkono na kuulaza juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho chelezo chake. Jambo hili lahitaji mazoezi, maana mawimbi nayo huuvuta mshipi, na mkono wa mgeni hauwezi kupambanua wimbi na changu. Wengi hukata tamaa hapa. Majuma mawili matatu yatosha. Kidole hujifunza chenyewe.

Chambo nacho kina kisa chake. Mtu wa Nyasa akiambiwa na mvuvi wa Tanga, "Leta chambo," hucheka, kwa kuwa chambo kwao ni samaki mwenyewe, wa jamaa ya perege, apendwaye kuliko wote mezani. Kiswahili chambo ni kile kinachotiwa katika ndoana. Nyungunyungu wa shambani hufaa kidogo sana baharini. Hulegea upesi katika chumvi, na samaki wadogo humla pembenipembeni. Chambo cha bahari hutoka baharini: kipande cha ngisi au cha pweza, ambacho ni kigumu na hakitoki upesi katika ndoana, au dagaa, au kamba. Kwa samaki wenye meno, kama nguru, ndoana hufungwa kwanza kwa kipande cha waya, la sivyo mshipi hukatwa kama kwa mkasi. Nguru, jodari na kolekole huvuliwa kwa kurambaza, yaani mshipi huburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na hiyo si kazi ya mtu anayeanza. Yeye na akae na changu, chewa na kikande wa mwambani. Arudipo nyumbani aoshe ndoana zake kwa maji baridi na kuzikausha. Ndoana iliyodumu mwaka mzima Kilombero hapa huliwa na kutu kwa siku chache.

Liko tendo moja la bara ambalo halina budi kuachwa huko. Kwao, maji yapunguapo, wengine huponda utupa na kuutia dimbwini ili samaki walewe. Pwani nako ulitumika katika madimbwi ya mwambani. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, na mwalimu akionekana na utupa atakuwa amefundisha somo ambalo hakulikusudia.

Ziwani karibu kila samaki huliwa, na mvuvi wa bara huona ni upuzi kumtupa samaki mnono. Baharini asile samaki ambaye hajui jina lake. Yuko bunju, samaki mfupi mnene ambaye akishikwa hujaza tumbo akawa kama mpira. Ini, mayai na ngozi yake vina sumu inayolegeza viungo vyote mpaka pumzi ikome. Haiharibiki kwa kupikwa wala kukaangwa, wala haina dawa ya kuitangua. Wavuvi humtupa. Mtoto mwenye njaa huweza kumwokota ufukweni, kwa hiyo jambo hili lafaa kufundishwa shuleni hata kwa wasiovua.

Wengine huumiza kwa miiba. Aliyepata kumtoa gogogo katika ndoana kule Nyanza ameonjeshwa jambo hili. Tasi, ambaye Mombasa huitwa tafi, ni mtamu sana, lakini miiba yake yauma kama nge. Taa hujifukia mchangani, naye ana mwiba mkiani. Atembeaye majini kwa kuburuta miguu humshtua akaenda zake, atembeaye kwa kukanyaga humkanyaga. Na mwambani yuko samaki afananaye kabisa na jiwe lililoota uchafu, ambaye miiba yake ya mgongoni hupenya hata kiatu chepesi. Kwa majeraha ya miiba ya hawa wote msaada wa kwanza ni mmoja: litie jeraha katika maji ya moto kadiri mtu awezavyo kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, maana moto huipunguza nguvu sumu ya namna hii, kisha mpeleke hospitali. Aendaye mwambani na avae viatu.

Kuhusu chombo nitasema machache, kwa kuwa mgeni hapaswi kwenda peke yake, na akienda na nahodha yeye ni abiria. Mtumbwi wa ziwani huendeshwa kwa kafi. Ngalawa ina tanga, na mirengu pande zote mbili kuizuia isipinduke. Kwa mtu wa ziwani upepo ni mgeni wa saa: huja na dhoruba ya jioni ukaondoka, au kama mwera wa Nyasa ukavuma siku chache. Baharini upepo ni majira. Kaskazi huvuma tangu kama Desemba mpaka Machi, na kusi tangu Aprili mpaka Septemba au Oktoba, ukiwa na nguvu Juni hata Agosti. Kati yao pana siku za upepo usio na mahali, ziitwazo maleleji. Anayeanza achague kaskazi au maleleji. Kichefuchefu kikimshika, asione haya. Bahari hulevya hata watu waliovuka Nyanza mara mia. Akubali tu amri mbili za nahodha bila kuuliza: kuhamia upande wa joshi, yaani utokako upepo, na kuinama tanga ligeuzwapo.

Hatimaye jambo lituhusulo sisi tufundishao Maandiko. Mtu wa pwani akisoma habari za Petro na Andrea huwaona kama wavuvi wa kwao. Huona kusi, na bamvua, na ngalawa. Kumbe mitume hawa walikuwa wavuvi wa maji baridi. Bahari ya Galilaya ni ziwa, maji yake hunywewa, na uso wake uko kama mita 210 chini ya usawa wa bahari; Luka, aliyezoea bahari ya kweli, huliita ziwa. Hakuna kujaa wala kupwa. Dhoruba iliyowashtua wanafunzi ilikuwa dhoruba ya ghafula kama za Viktoria, na mtoto wa Ukerewe aweza kumweleza mwenzake wa Bagamoyo jinsi ilivyo. Bahari yenye chumvi ni ile ya safari ya Paulo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27, ambapo mabaharia walitupa bildi usiku wakapata pima ishirini, kisha kumi na tano, wakajua kwamba nchi iko karibu. Hapo mwana wa Bagamoyo ndiye atakayemweleza mwana wa Ukerewe.

Hata samaki wenyewe ni wa bara. Katika ziwa la Galilaya wamo perege wa namna kadhaa, na kambare aliyemo ni yule yule wa maziwa na mito ya Afrika. Mfano wa juya, katika mlango wa 13 wa Mathayo, husema samaki wema waliwekwa vyomboni na wabaya wakatupwa. Mtoto wa pwani hufikiri mara moja juu ya bunju. Lakini Torati ilikataza kula samaki asiye na magamba, na kambare hana. Kwa hiyo wafasiri wengi huona kwamba waliotupwa ufukweni walikuwa hasa kambare. Katika darasa la watoto wa Kilombero mwalimu alieleze hilo kabla ya kuusoma mfano, la sivyo watamwuliza, na wana haki, kwa nini samaki mzuri namna ile ametupwa.